Mchekeshaji wa Ndara Aanzie Wapi?

Kila kijiji, msomaji mpenzi, kina mtu mmoja ambaye akitokea tu watu huanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Ndara, huko upande wa Voi, haikosi wake. Ni yule kijana anayemwigiza chifu akihutubia baraza, akaruka kwa manamba anayeita abiria wa Mwatate na Wundanyi, kisha akamalizia na mhubiri aliyepoteza miwani. Harusini huitwa mbele, na hata matangani, usiku ukishakuwa mrefu, wazee humtafuta kwa macho.

Lakini mwambie mzazi wake kwamba kijana huyo anataka kazi yake iwe hiyo, na kwamba siku moja ataonekana kwenye televisheni. Hapo kicheko hukatika. Nani alijenga nyumba kwa vichekesho?

Mzazi huyo asibezwe. Anamkumbuka Mzee Ojwang. Marehemu Benson Wanjau alituchekesha kwa miaka mingi katika Vitimbi, pamoja na Mama Kayai, enzi ambazo televisheni moja ilikuwa ya mtaa mzima na watoto walichungulia dirishani. Alikuwa Mkikuyu, lakini alipomwigiza Mjaluo, wengi waliapa kwamba kazaliwa kando ya ziwa. Sikio la namna hiyo ni la nadra. Hata hivyo, uzeeni macho yalimsumbua na Wakenya wakamchangia fedha za matibabu. Alifariki Julai 2015. Nchi nzima ilimjua kwa jina, lakini kipindi kilichompa jina hakikuwa mali yake.

Na watu wa Taita wana mfano wa nyumbani. Fadhili William alizaliwa huko huko, na Malaika aliyoirekodi imeimbwa na akina Miriam Makeba mpaka ng'ambo. Wimbo ulizunguka dunia, huku nyuma watu wakigombania ni wa nani na malipo yake yaende wapi.

Sasa mtazame Daniel Ndambuki, tunayemwita Churchill. Kabla yake njia ilikuwa imefyekwa na Redykyulass, wale vijana watatu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Walimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, wakati ambapo wengi walitazama nyuma kwanza kabla ya kucheka. (Kiarie alipochaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, wapo waliosema ameenda kukutana na aliokuwa akiwaigiza.)

Churchill alipita njia hiyo hiyo, lakini akaongeza jambo moja. Redioni, katika Classic 105, alikuwa Mwalimu King'ang'i mwenye lafudhi ya Kikamba. Kwenye televisheni ya NTV alianza na Churchill Live, iliyokuja kuitwa Churchill Show. Tofauti yake na Ojwang ni kwamba Churchill hakungoja kuandikwa kazi katika kipindi cha mwingine. Alianzisha kampuni, Laugh Industry, akakusanya watu ukumbini, na televisheni ikaja kuchukua kilichokuwa tayari kinachekesha. Jukwaa lilikuwa lake, ndiyo maana aliweza pia kuwagawia wengine. Eric Omondi alipandia hapo. MCA Tricky, aliyewahi kulala katika barabara za Nairobi, naye alipandia hapo. Kulikuwa na Churchill Raw, mahali ambapo chipukizi aliweza kujaribu, akanyamaziwa na ukumbi mzima, akarudi tena na maneno mengine.

Kunyamaziwa huko ndiko asikokujua kijana wetu wa Ndara. Nyumbani watu humcheka kwa sababu wanamjua chifu anayeigizwa, wanamjua hata mbwa wa chifu. Nairobi hawamjui. Na kuna kikwazo kingine. Vichekesho vingi vya televisheni yetu vimetegemea lafudhi: Mkamba hivi, Mluhya vile, Mkalenjin namna ile. Mtaita hana lafudhi ambayo ukumbi wa Nairobi utaitambua mara moja, kwa hiyo mlango huo wa mkato kwake umefungwa. Mimi naona ni bahati. Atalazimika kuchekesha kwa habari zenyewe: ndovu wa Tsavo aliyeingia shambani akala mahindi ya mkopo, shemeji aliyeshuka kwenye treni ya SGR na begi lisilokuwa lake, babu anayemwita mjukuu wake mke wangu mbele ya wageni kutoka bara. Habari hizo zinachekesha popote, mradi zisimuliwe vizuri.

Tangu mwaka 2017 treni hiyo husimama Voi, na Nairobi si mbali kama zamani. Hata hivyo nisingemshauri aipande kesho. Kuna tamasha za maigizo za shule, zinazoanzia mashinani na kupanda mpaka ngazi ya taifa. Kama bado yuko darasani, hapo ni bure na walimu wapo. Kama amemaliza, Voi ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichojaa wanafunzi kutoka kila pembe ya Kenya ambao hawamjui chifu wake. Ina hoteli za wasafiri zenye kumbi ambazo jioni nyingi hukaa tupu. Na wamwalike mwenye ukumbi wagawane kiingilio, hata kiwe shilingi hamsini, na daftari la mapato alishike kijana mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Mzazi naye aende. Asiketi mbele, kijana ataona haya. Akate tikiti kama wengine, akae safu ya nyuma kabisa, kisha ahesabu ni mara ngapi wamecheka wale wasiojua huyo ni mtoto wa nani.