MTOTO KULILIA MIKONO SIYO KUDEKA (Sehemu ya 4)

Leo tuongelee kauli moja ninayoisikia kliniki kila wiki: "Muache alie, ukimbebabeba atazoea mikono." Anaisema mama mkwe, anaisema jirani, wakati mwingine hata sisi wauguzi tunaisema. Mimi siikubali, na nitakuambia kwa nini.

Mtoto hazaliwi hajui kitu. Sauti yako ameisikia tangu tumboni, ndiyo maana akizaliwa anaipenda kuliko ya mtu mwingine. Harufu ya maziwa yako anaijua ndani ya siku chache. Macho yake yanaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30, yaani kama kutoka kwenye titi hadi usoni kwako. Wiki ya 6 hivi anaanza kukuchekea. Kati ya miezi 6 na 9 anaanza kuchagua: huyu wangu, huyu simjui. Hapo ukimpa mgeni analia, na watu wanasema mtoto wako ana maringo. Jamani, siyo maringo! Akili imekua.

Kwa nini yuko hivyo? Mtoto wa mbuzi anasimama siku hiyohiyo na kumfuata mama yake. Wa kwetu hata nzi hawezi kumfukuza. Kitu pekee alichonacho ni kulia, na kumjua mtu atakayekuja akilia.

Wengi wanadhani mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Mwaka 1958, Harry Harlow wa Marekani alichapisha majaribio ya watoto wa kima waliotenganishwa na mama zao. Aliwawekea mama wawili wa bandia: mmoja wa waya tupu, mwingine wa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipokuwa kwa yule wa waya, walienda kunyonya, kisha wakarudi kukumbatia kitambaa kwa saa nyingi. Yalikuwa majaribio ya kikatili, lakini yalionyesha kwamba shibe peke yake haitoshi.

Na hapa jirani zetu Uganda, Mary Ainsworth alitembelea familia za vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akina mama 26, akiwaangalia na watoto wao nyumbani. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake anatambaa, anachezacheza, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Mama za watoto hao walikuwa wepesi kusoma dalili za watoto wao. Baadaye huko Marekani, yeye na mwenzake waliona kwamba watoto walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka ulipokuwa unaisha. Umeona? Kumbeba anapolia hakumharibu. Kunampa uhakika.

Sasa hapa ndipo pagumu. Likizo ya uzazi ni siku 84, halafu unarudi kazini na mtoto anabaki na dada. Baada ya muda unaniambia, "Nesi, mtoto anamlilia dada kuliko mimi." Najua inauma. Lakini mama, hiyo ni habari njema. Maana yake kuna mtu anamwitikia usipokuwepo. Mtoto anaweza kushikamana na watu kadhaa: mama, baba, bibi, dada. Kumpenda dada hakumfanyi akusahau wewe.

Kinachonisumbua mimi ni nyumba inayobadilisha dada kila baada ya miezi miwili. Kila anapoondoka mmoja, mtoto anapoteza mtu wake na hana maneno ya kuuliza kaenda wapi. Kwa hiyo mlipe dada vizuri, mheshimu, mpe siku ya kupumzika. Akilazimika kuondoka, ikiwezekana akae siku chache na anayekuja. Na asubuhi usitoroke kupitia mlango wa nyuma. Muage, hata kama atalia. Ukirudi, mpokee kwanza yeye, simu baadaye. Baba naye ambebe, amwogeshe, ambembeleze.

Sisemi ukimbie kila akikohoa. Kuna siku utachoka mpaka uone giza. Mlaze chali mahali salama, toka kidogo, vuta pumzi, ita mtu akusaidie. Usimtikise mtoto kamwe. Akilia bila kutulia na ana homa, au anakataa kunyonya, mlete kituoni haraka. Na kama wiki mbili zimepita huna furaha, unalia tu au huhisi chochote kwa mtoto, tuambie. Ni ugonjwa, siyo ubaya wa moyo, na unatibika.

Sehemu ya 5 tutaongelea usingizi wa mtoto. Leo niambie: wewe usipokuwepo, mtoto wako akilia anamkimbilia nani?