Tumchague Anayeweza

Kijiji kinapoandaa ngoma ya sikukuu, nani aimbe mbele? Wengine humchagua ndugu yao, au mtu mwenye nguo nzuri. Mimi sikubaliani nao. Sauti haina ukoo.

Mkumbuke Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alipiga zeze na ilimba. Aliimba kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba. Rais Nyerere alimwita Dar es Salaam kwa ufundi wake. Alifariki mwaka 2003, akiwa ameimba nchi nyingi.

Fikiri pia juu ya muheme. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake ndio wapigaji. Wageni wakija, wasiondolewe ili wanaume waonekane.

Anayeweza apewe ngoma. Tukipendeleana, vijana watajifunza kwa nani?