MAMBO YA NYUMBANI: Mgeni Mwenye Ulemavu na Uzito wa Moyo

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya mtu akaaye karibu nanyi, ila pengine hamjaisikia sauti yake. Ni mgeni aliyehamia Mpanda au vijiji vya jirani, naye ana ulemavu wa mwili, na juu ya hayo moyo wake umelemewa. Mtu huyu anachukua mizigo mitatu, lakini watu huuona mmoja tu. Huutazama mguu wake au macho yake, wakadhani wamekwisha kumjua.

Katavi, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ni nchi iliyozoea wageni. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, ikaleta na watu. Wasukuma wakaja na ng'ombe wao. Tena, baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi wengi walipewa mahali pa kukaa Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa na kujukuu. Mwaka 2014 zilianza kugawiwa hati za uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo mawili pamoja na Ulyankulu ya Tabora. Basi kwa sheria hao si wageni tena. Lakini hati haifuti kumbukumbu. Bibi Liisa Malkki, mtaalamu aliyekaa Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986, alikuta watu bado wakisimulia kwa kirefu mambo ya 1972, na habari hizo akazitia katika kitabu alichokitoa mwaka 1995. Jeraha la mwili hupata kovu. Jeraha la moyo laweza kukaa miaka mingi likiwa bichi.

Wala tusidhani kwamba mgeni huja kupokea tu. Wenyeji wa Karema wanamkumbuka Adrien Atiman, aliyeibiwa utotoni Afrika ya Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema kabla ya mwaka 1890, akawatibu watu wa mwambao wa Tanganyika hata alipokufa mwaka 1956. Yeye hakuwa na kabila wala ndugu hapa, naye akawa msaada wa maelfu. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee.

Sasa tuitazame hali yenyewe. Mtu aliyehama amewaacha ndugu waliomjua. Akiwa haoni, ameziacha njia alizozijua kwa nyayo. Akiwa kiziwi, amewaacha wale waliofahamu ishara zake. Akiwa hawezi kutembea, hana wa kumsukuma hata barazani. Hukaa ndani siku nzima, watu hupita, husema, "Maskini, ndivyo alivyo." La, sivyo alivyo. Ikiwa mtu amepoteza usingizi, hali chakula, hapendezwi tena na mambo aliyoyapenda, analia au kukasirika pasipo sababu, anasema hana faida, na hayo yamezidi majuma mawili, basi huo si ulemavu wake wala si tabia yake. Huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Wengine hawasemi huzuni kabisa. Husema kichwa kinauma, kifua kinabana, mwili hauna nguvu. Mwenye nyumba asikilize.

Katika nyumba zetu kuna desturi tatu zinazomdhuru mtu huyu. Ya kwanza ni kumficha kwa aibu. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ya pili ni kumfunga kamba au mnyororo mtu aliyechafukwa na akili. Kamba haiponyi, huongeza hofu na vidonda, na mtu mwenye ulemavu hupata kilema juu ya kilema. Ya tatu ni kumwachisha dawa kwa sababu ameombewa, au kwa sababu ameonekana amepona. Sala na dawa hazigombani. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafula aweza kushikwa na kifafa kikali kuliko cha kwanza, hata kuanguka motoni. Dawa haiachwi ila kwa neno la mganga wa hospitali aliyeitoa.

Basi aende wapi? Njia ni hii. Huanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aseme wazi mambo ya moyo, si ya mwili tu. Likiwashinda, wataandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyo Mpanda. Ugonjwa ukizidi, mgonjwa aweza kupelekwa mbali zaidi, hata Mirembe ya Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1927. Wala kazi hii si ngeni kwa makanisa: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzwa mwaka 1896 kwa watoto waliotolewa utumwani baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tena ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoagiza namna mgonjwa anavyopokewa na kutunzwa. Yeye ni mgonjwa, si mhalifu.

Asiye na fedha asikae nyumbani kwa hofu. Amwendee Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au wa hospitali, maana ni kazi yake kuchunguza hali ya wasiojiweza ili wasamehewe ada. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo imeweka kamati zao hata vijijini. Mgeni na apelekwe huko, jina lake lijulikane. Halmashauri pia hutenga sehemu kumi katika mia za mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na mbili kati ya hizo kumi ni za watu wenye ulemavu. Tumeyataja haya kwa kuwa mkono uliopata kazi huutuliza moyo kuliko maneno mengi ya pole.

Namna ya kumsindikiza nayo ina adabu yake. Sema naye mwenyewe, usiseme na aliyemleta, kana kwamba yeye ni mzigo wa soko. Asiyeona, mwambie nani yumo chumbani kabla hajaanza kueleza siri zake. Kiziwi, mtafutie mtu mzima ajuaye lugha ya alama. Usimtie mtoto wake kati, maana mama hawezi kumfumbulia mwanawe uchungu wote, na mtoto hapaswi kuubeba. Hivyo hivyo bibi mzee asemaye Kirundi zaidi kuliko Kiswahili, apate mkalimani mwenye kinywa kilichofungwa. Asiyeweza kutembea, mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji amjie nyumbani, kisha mkubaliane mapema nani atatoa baiskeli au nauli, kwa kuwa masika njia za huku huharibika.

Liko na neno la haraka. Mtu akisema amechoka kuishi, msimcheke wala msimkemee. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Msimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni kamba na visu, na dawa za kuua wadudu wa tumbaku zifungiwe kwa ufunguo, maana mara nyingi mauti hukaa chini ya kitanda katika chupa isiyo na jina. Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile, wala msingoje kesho.

Nanyi walimu, mna kazi yenu. Mtoto mgeni mwenye ulemavu asiyecheza, asiyesema, anayelala darasani, msimpige fimbo ya uvivu. Mwulizeni habari za nyumbani, mkatazame. Mpeni rafiki mmoja wa kumwongoza njiani, na jina lake liitwe kama majina ya wenzake, si kwa kilema chake. Hujafa hujaumbika.

Basi, wapenzi, tunawaachia kazi ndogo ya mwezi huu. Kila nyumba ikumbuke mgeni mmoja wa namna hii katika mtaa wake, imtembelee mara mbili: mara ya kwanza kumsalimu tu, mara ya pili kumwuliza, "Walalaje?" Kisha mnyamaze, mumngoje ajibu. Hata mwezi ujao, kwaherini.