MASUALA YA WASOMAJI: Kijana Avuaye Juu ya Barafu

Mwezi huu tumeyaacha masuala mengine yote yangoje, kwani barua moja iliyotufikia kutoka Tanga imetushughulisha kuliko zote. Imeandikwa na mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee anafanya kazi katika mji wa Winnipeg, jimbo la Manitoba, nchi ya Kanada. Kijana huyo amempelekea mamake picha kwa simu: amesimama juu ya uwanda mweupe usio na mwisho, kavaa nguo nzito kama magunia, na mbele ya miguu yake pana tundu dogo la duara lenye maji meusi. Chini ya picha ameandika kuwa yuko katikati ya ziwa, na kwamba wenziwe wa kazini wamemfundisha kuvua. Mama anasema hakulala usiku ule. Anatuuliza mambo matatu: Je, samaki huyo ni halali? Je, mwanawe anasali vipi mahali kama pale? Na je, yeye akiwa ni mama, amkataze?

Tutaanza na hilo la tatu, kwa kuwa ndilo lililomnyima usingizi, na kwa kuwa halijibiki mpaka kwanza tujue barafu ni kitu gani.

Ziwa Winnipeg si kidimbwi. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 24,500, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya Ziwa Viktoria letu, na kutoka kusini hata kaskazini lina urefu upatao kilomita 416. Walakini kina chake ni kidogo, wastani wa mita 12 tu, na kwa hiyo upepo huyachafua maji yake upesi. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wakree, wenyeji wa nchi hiyo, na maana yake ni maji ya matope. Tangu Novemba hata karibu na Mei ziwa hili hufunikwa na barafu, na katika miaka ya baridi kali barafu hiyo hukaribia unene wa mita moja.

Msomaji kijana huenda akauliza: samaki huishije chini yake? Hapa pana jambo ambalo kila nyumba yapasa lizungumzwe. Vitu vingi vikipata baridi husinyaa na kuwa vizito, na maji nayo hufanya vivyo hivyo, mpaka yafikapo nyuzi 4 za Selsiasi. Kutoka hapo, yakizidi kupoa, hugeuza mwendo wake yakaanza kutanuka na kuwa mepesi. Barafu nayo ni nyepesi kuliko maji kwa karibu sehemu moja katika kumi, ndiyo maana huelea. Lau ingelikuwa nzito ingelizama, ziwa likaanza kuganda kutoka chini kwenda juu, na samaki wasingelipata pa kukaa. Badala ya hayo, barafu huwa paa, na chini ya paa hilo maji hubaki maji, na uhai ukaendelea hata juu pakiwa na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Subhaana llah! Sisi twanywa maji kila siku wala hatuijui tabia yake hii.

Uvuvi wa namna hii una njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mshipi: mtu hutoboa tundu kwa keekee kubwa, huteremsha ndoana yenye chambo, akakaa juu ya ndoo au ndani ya kihema akingoja. Ya pili ni ya nyavu, na hiyo ndiyo kazi ya wavuvi wa kuuza. Miongoni mwao wamo wenyeji wa asili, na wamo wazao wa watu wa Aisilandi waliofika mahali paitwapo Gimli mwaka 1875, ambao katika miaka yao ya kwanza walipigwa na njaa, na mwaka 1876 na ndui. Mtu atastaajabu, wavu utapitishwaje chini ya barafu? Wana chombo chao cha ajabu. Ni ubao mrefu wenye uwazi katikati na mkono wa chuma. Huusukumia tunduni, nao huelea ukaikabili barafu kwa chini. Kila mvuvi akivuta kamba, mkono ule huikwaruza barafu na kuusukuma ubao mbele kidogo. Vuta, legeza, vuta, legeza, nao hutambaa kama kaa gizani hali umeburura kamba nyuma yake. Mwenziwe hutembea juu akitega sikio apate kuufuata, na ufikapo masafa yatakiwayo hutoboa tundu la pili, akaitoa kamba, na wavu ukavutwa kwa kamba hiyo. Wavuvi wetu wa jarife watajua kuwa aliyeubuni ubao huo hakuwa mjinga.

Sasa tuje kwenye hatari, kwani mama hakukosea kuogopa. Alikosea tu jambo la kuliogopa. Yeye ahofu baridi. Baridi kali ndiyo rafiki wa mvuvi wa barafu. Kinachopaswa kuhofiwa ni theluji nyingi, na siku za uvuguvugu, na upepo.

Theluji inapoanguka kwa wingi juu ya ziwa huwa ni shehena. Barafu huelea kama jahazi, na jahazi likipakiwa kupita alama yake maji huingia. Ndivyo iwavyo ziwani: uzito wa theluji huididimiza barafu, maji yakapanda kwa kupitia nyufa na matundu, yakailowesha theluji kwa chini, ikawa rojo kama uji mzito. Juu ya rojo hilo hubaki theluji kavu, nyeupe, iliyo safi machoni, nayo ni kama blanketi, hulizuia rojo lisigande hata kukiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Basi mtu aenda kwa miguu akidhani akanyaga pakavu, ghafula azama hata magotini katika maji ya baridi. Hajafa maji, kwani barafu bado iko chini yake, lakini viatu vimeloa, na kilomita tatu kutoka ufukoni mguu uliolowa waweza kuungua kwa baridi mpaka vidole vikatwe. Ikiwa ana pikipiki ya theluji, hiyo nayo hukwama. Na akiisimamisha humo, rojo huganda katika mnyororo wake ikawa kama imejengewa saruji. Pia blanketi hilo huifanya barafu ikue polepole, hata mahali penye theluji nene huenda pakawa na barafu nyembamba kuliko pale palipo wazi.

Tena si barafu zote zina nguvu moja. Ile iliyo ngumu na angavu, inayoonekana kama kioo cheusi, ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji na rojo kuganda, nguvu yake ni kama nusu tu. Wajuzi husema mtu mmoja aendaye kwa miguu ahitaji barafu angavu isiyopungua sentimita 10, na wenye kuchukua hadhari zaidi, kama Msalaba Mwekundu wa Kanada, hutaka 15, na 25 kwa pikipiki ya theluji. Iwapo ni nyeupe, hesabu hiyo izidishwe mara mbili. Wala haitoshi kupima mara moja pwani. Mzoefu huenda na mtaimbo mkononi, akipiga mbele yake kila baada ya hatua chache, mfano wa kipofu na fimbo yake.

Na upepo? Tarehe 7 Februari 2009, katika Ziwa Erie upande wa Ohio, Marekani, wavuvi walikuta ufa katika barafu, wakautandikia mbao wakavuka. Siku ikapata joto, upepo ukavuma, na ile barafu waliyokuwa juu yake ikameguka ikaenda zake ziwani. Watu zaidi ya 100 waliokolewa kwa helikopta na mashua, na mmoja alifariki. Mwishoni mwa Novemba 2022 kama hayo yaliwapata watu wapatao 200 katika Ziwa Upper Red, jimbo la Minnesota, nao wote wakaokolewa. Hawa hawakuwa wageni wa barafu. Wengi wao wamezaliwa nayo. Sisi twaona kosa lao ni moja na la nahodha wetu aonaye wingu la kusi akasema, Nitawahi.

Mtu akituambia, Ajali ni ya Mungu, basi kijana ategemee Mungu aende, twamjibu kuwa Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Na ngamia wa kijana huyu ana kamba nyingi. Asiende peke yake, wala asiende na wageni watupu kama yeye. Avae shingoni vile vichuma viwili vyenye ncha vilivyofungwa kwa kamba, ambavyo mtu akitumbukia huvichoma katika barafu akajivuta. Ndani ya kihema asiwashe jiko la gesi pasipo kuacha tundu la hewa, kwani lina sumu isiyo na harufu nayo huua watu wamelala. Na akitumbukia, ayakumbuke mafundisho ya Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya uchunguzi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, kiasi cha dakika 10 ambazo viungo bado vyafanya kazi, na karibu saa 1 kabla ya fahamu kupotea. Wengi hufa katika ile dakika ya kwanza kwa kuhangaika. Ageukie kule alikotoka, apige mateke kama aogeleaye, atoke kwa tumbo, kisha abingirike. Asisimame mpaka awe mbali na tundu.

Kwa hiyo mama, jawabu letu ni hili: usimkatae moja kwa moja, kwani wenziwe wa kazi wamemkaribisha katika jambo jema, na mtu aliye ugenini akikaa ndani miezi mitano ya giza huingiwa na unyonge ambao nao ni hatari. Lakini una haki ya kumshurutisha. Mwambie kila aendapo akujulishe anakokwenda, na saa atakayorudi, na saa hiyo ikipita amekosa adabu kwako hata kama yu mzima. Na theluji ikianguka nyingi, au siku ikiwa na joto, asiende. Hayo ukimwamuru, ni wajibu wake kukutii.

Juu ya sala: barafu ni tohara na theluji ni tohara. Katika dua ya sala ya maiti twamwombea ndugu yetu aoshwe kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Wangapi wetu tumeisoma makaburini, huku jasho likitutoka, wala hatujaiona theluji hata siku moja! Basi kijana aweza kusali juu ya ziwa, ila paji la uso lituame juu ya kitu imara. Theluji iliyotifuka aishindilie kwanza, au atandike msala. Akiwa ametia udhu kamili nyumbani kabla ya kuvaa, na viatu vyake vyafunika vifundo vya miguu navyo ni vya nguvu visivyopenyeza maji, aweza kupangusa juu yake mchana na usiku mmoja, na akiwa msafiri siku tatu. Asidhani kuwa theluji yafaa kwa kutayamamu. Katika madhehebu yetu ya Kishafii panatakiwa udongo wenye vumbi. Jiko lake na sufuria moja ya theluji vitampa maji ya moto ya kutosha.

Ila kuna mtihani mmoja ambao twapenda kumtahadharisha. Mwezi wa Desemba huko jua huchomoza karibu saa mbili u nusu asubuhi na kuchwa saa kumi u nusu. Samaki atafutwaye zaidi, aitwaye walleye, ana macho yaliyoumbwa yaone katika mwanga hafifu, naye hula kwa pupa jua linapokuchwa. Yaani saa ile ile ya magharibi, ambayo wakati wake ndio mfupi kuliko wa sala zote, ndipo mshipi unapotikisika! Akaiweke ndoana juu ya barafu, asali rakaa zake tatu, kisha arudi. Samaki hawezi kwenda mbali, amefunikwa.

Ama huyo samaki, ni halali bila ya kuchinjwa, awe wa maji tamu au ya chumvi. Mtume alipoulizwa juu ya bahari alisema maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Lakini ipo desturi ya kumtupa samaki juu ya barafu agande hali yu hai, akitapatapa. Hatuipendi. Ampige kichwani mara moja, amstarehe. Na avue kadiri ya leseni yake, apeleke nyumbani, aliwe.

Mama ameuliza pia, pembeni ya barua, kama samaki huyo afaa kwa nazi. Nyama yake ni nyeupe, laini, haina miba mingi, wala haina shombo kali. Nazi ya kopo hupatikana Winnipeg. Mwambie atie ndimu mapema na tui zito mwisho, na asimgeuzegeuze sufuriani, atavunjika.