Kipande cha Mwisho cha Njia Ndicho Kinachovunja Mashine

Mwenye kiwanda aliyeagiza mashine ya tani 20 kutoka ng'ambo hukubali bila ya ubishi kuilipa kampuni ya uchukuzi imtolee mzigo wake bandarini Mombasa na kuuvusha Malaba. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala huiheshimu. Lakini mzigo ukisha kufika mjini, ikabakia njia ya udongo ya kilomita 40 au 60 kwenda kiwandani kwake, mawazo hubadilika. Analo lori lake, anao vijana wenye nguvu, anayo minyororo. Ya nini kumlipa mtu tena? Hapo ndipo penye hatari, na ndipo sisi tunapotaka kutia neno letu.

Yafaa ieleweke kwamba kipande hicho kifupi ndicho kigumu zaidi. Barabara kuu ina mizani na ina sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na anayezidi hapo sharti apate kibali cha pekee. Njia ya kijijini haina mizani yo yote. Kalvati yake ilitiwa kwa ajili ya magari ya kawaida ya mazao, nyaya za umeme zimelegea juu yake, na kwenye kona hapana nafasi ya tela refu kugeuka. Daraja la mbao halimwambii dereva kwamba limechoka. Humjulisha akiwa amekwisha kufika katikati.

Kuna dhana nyingine ambayo hapana budi kuiondoa, nayo ni kwamba mashine nzito hutulia juu ya lori kwa sababu ya uzito wake. Mambo ni kinyume. Breki zikifungwa ghafula, lori husimama na mashine hutaka kuendelea na safari. Kanuni za ufungaji wa mizigo zinazotumika Ulaya zadai kwamba mzigo uzuiwe mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwa asilimia 50 kila upande na nyuma. Kwa mashine yetu ya tani 20, hizo ni tani 16 zinazosukuma kuelekea kichwani mwa dereva na utingo wake. Chuma kikilazwa juu ya chuma chenye mafuta au maji huteleza kama sabuni. Kipande cha mpira mgumu kikiwekwa kati yao, hali hubadilika kabisa. Mtaalamu hulijua jambo hilo dogo. Kijana aliyeokotwa sokoni asubuhi ile hajui, wala si kosa lake, ijapokuwa mguu utakaovunjika ni wake.

Kadhalika kreni. Kreni iliyoandikwa tani 50 huinua tani hizo mzigo ukiwa karibu kabisa nayo. Mkono ukinyoshwa mita 15, huenda isiweze hata robo yake. Nani atakayeusoma mchoro wa kreni siku hiyo uwanjani? Tajiri mwenyewe?

Msomaji atauliza: mbona jeshi hujichukulia vifaa vyake lenyewe? Ni kweli. Kifaru aina ya T-55 kina uzito wa takriban tani 36, na majeshi hukipandisha juu ya tela maalum ili minyororo yake isiile lami wala isichakae bure. Lakini askari wanaofanya hivyo hawana kazi nyingine. Hufunga na kufungua, hupanda na kushuka, mpaka mikono ikakariri. Na kabla yao wahandisi hutangulia kupima madaraja na kuyapa daraja lake la uzito. Kiwanda huhamisha mashine kubwa pengine mara moja katika miaka kumi. Anayeiga jeshi na aige kwanza mazoezi yake.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kisa kimoja cha kanda hii. Mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza lilisafirisha mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa futi 40 hivi, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika. Zilikwenda kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga, kisha zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai kuivuka milima ya Mitumba, zikaingia reli tena na mto Lualaba, zikafika ziwani mwishoni mwa mwaka huo. Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu John Lee, aliyeijua nchi, alitangulizwa kuikagua njia, na vibarua wengi wa Kiafrika walikata msitu na kujenga madaraja kabla magurudumu hayajafika.

Hatusemi kwamba kila ajiitaye mtaalamu ni mtaalamu. Wako wenye tela moja na dalali mmoja, basi. Kabla ya kutoa fedha, tajiri na adai kuonyeshwa ripoti ya ukaguzi wa njia, bima inayotaja mashine yenyewe kwa jina na thamani, na vibali. Yeye naye atoe karatasi ya kiwanda kilichoitengeneza, inayoonyesha uzito kamili na kitovu chake, maana uzito wa kukisia umewaua watu. Msingi wa saruji uwe umekwisha kukauka siku mashine inapofika, isije ikalala porini juu ya magogo wiki tatu. Na katika mkataba liandikwe wazi kwamba dereva anayo haki ya kukataa kuvuka daraja, hata kama mwenye mzigo amesimama ng'ambo ya pili akimpigia kelele.