Msitulilie Kompyuta Kubwa

Nimechoka na huu wimbo wa "hatuna kompyuta kubwa." Niliuimba mwenyewe. Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa fomula ya Weizsäcker ya 1935, ile inayokadiria nishati inayoshikilia kiini cha atomi. Ina vigezo vitano tu. Msimamizi akaniambia nijaribu thamani 20 kwa kila kigezo, kisha nichague mchanganyiko unaokaribia vipimo. Hiyo ni michanganyiko 3,200,000, na kila mmoja unapitia viini vyote. Laptopu ilichemka usiku kucha, stima ikapotea saa tisa, nikaanza upya.

Jameni! Vigezo vile vinazidishwa na kujumlishwa tu. Milinganyo mitano ya pamoja, ndugu wa ile tuliyofanya sekondari, inatoa jibu bora kabisa chini ya sekunde moja. Hakuna aliyeniambia.

Utasema huo ni mchezo wa darasani. Sawa, twende kwa wakubwa. Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa UNEDF, Marekani, walichapisha modeli ya UNEDF0: vigezo 12, vipimo 108 kutoka viini 72. Hapo milinganyo yangu haifui dafu, na programu yenyewe haikuonyeshi mteremko uko upande gani. Jaribu thamani 10 kwa kila kigezo: majaribio trilioni moja. Hata kila moja likichukua sekunde moja, utamaliza baada ya miaka 31,000 na zaidi. Sasa hapo utaomba kompyuta gani?

Na hawa wasee walikuwa nazo kubwa. Bado walitumia POUNDERS, mbinu iliyotoka maabara ya Argonne, karibu na Chicago. Haichukui makosa yote kama gunia moja. Kila mojawapo ya zile tofauti 108 inachorewa umbo lake rahisi kutokana na majaribio ambayo tayari yamegharamiwa, kisha hatua inatafutwa ndani ya eneo dogo linaloaminika. Hatua ikikosea, eneo linapunguzwa. Nelder-Mead ya 1965, ambayo wengi wetu hubonyeza tu bila kufikiri, huona jumla peke yake. Habari nyingine zote inazitupa.

Kwa hivyo idara ikiandika tena ombi la mashine mpya, nitauliza somo la ukokotoaji linafundishwa na nani. Mwaka wetu lilikuwa la hiari. Tulijiandikisha watu wanne, likafutwa.