Mama, Maumivu Hayo Usiyavumilie

Mwanamume akija kliniki kulalamika kwamba nguvu zake zimepungua, daktari humsikiliza, humpima sukari na presha, kisha humwandikia dawa. Tembe za Viagra ziliidhinishwa Marekani tangu Machi 1998. Lakini mwanamke akisema anaumia wakati wa tendo la ndoa, mara nyingi huambiwa: "Vumilia mama, utazoea."

Mpenzi msomaji, jibu hilo nimewahi kulitoa mimi mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, nilimpa mama mmoja tembe za kutuliza maumivu nikamwambia apunguze mawazo. Alirudi baada ya miaka miwili, ndoa yake ikiwa karibu kuvunjika. Mtaalamu wa magonjwa ya akina mama alipomchunguza, aligundua ana endometriosi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba humea nje yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mawazo hayakuwa na hatia.

Upendeleo huu una mizizi. Mwaka 1977, idara ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilishauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasihusishwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa. Ushauri huo uliondolewa mwaka 1993. Kwa muda mrefu mwili wa mwanamume ndio uliokuwa kipimo cha binadamu wote.

Maumivu hayo huweza pia kuletwa na maambukizi, ukavu wa uke wakati wa kunyonyesha au baada ya hedhi kukoma, misuli inayojikaza yenyewe, au makovu ya kujifungua na ya ukeketaji. Mengi ya haya yana matibabu.

Kwa hivyo, dada, mweleze daktari waziwazi unaumia wapi na tangu lini. Akikwambia uvumilie bila kukupima, tafuta mwingine. Nawe mume, usimshuku mkeo kuwa ana mpenzi wa nje. Fuatana naye kliniki.

Na sisi madaktari, swali la chumbani tunalomwuliza mzee mwenye kisukari, tumwulize pia bibi mwenye kisukari. Naye ana mwili.